Siku Niliyokubali Kutumika

Jumamosi, Baraka. Mvua ilinyesha alfajiri ikaacha matope mekundu hadi mlangoni, kisha jua likatoka na kukausha kila kitu kama vile halikuona kilichotokea. Ninaandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti. Simu ina chaji kidogo, na kila nikigusa kioo kinabaki na alama ya mawese. Nimenawa kwa sabuni, nimenawa kwa mchanga, nimenawa kwa majivu. Haitoki. Na leo, niseme ukweli, sina haja itoke.

Leo nimesemewa.

Nianzie mbali kidogo, maana wengine mnanisoma mkiwa Kigoma na hamjui Baraka, huku ng'ambo ya ziwa, imekuwaje. Tangu risasi zianze kusikika tena huko milimani, watu wanashuka. Wanatoka upande wa Kilembwe, wanatoka vijiji vya juu, magodoro kichwani na kuku kwapani. Barabara ya kwenda Uvira leo inapitika, kesho haipitiki, na hakuna anayejua nani amesimama kwenye kizuizi kinachofuata. Kwa hiyo ziwa ndilo limekuwa barabara. Kila boti iliyokuwa imeachwa ioze mchangani sasa imepata mwenyewe, na kila mwenye boti anamtafuta mtu mmoja tu.

Papa Nyota.

Kazi yake ni kuziba boti. Mbao za boti hata zikipigiliwa vizuri vipi huacha mwanya kati yake, na mwanya huo hujazwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa kwenye mawese, ikapigwa kwa patasi butu mpaka ikae. Pamba ikilegea, maji yanaingia. Ikipigwa sana, mbao zinaachana na maji yanaingia vilevile. Papa Nyota amekuwa akifanya hivyo tangu kabla sijazaliwa. Ni mfupi, ana tumbo la mtu anayependa chai yenye sukari nyingi, na anavaa kofia ya sufu hata jua likiwa utosini. Ni shemasi kanisani, kwa hiyo hatukani. Lakini ana namna yake ya kusema "Bon", ile "haya basi" ya Kifaransa, ambayo ukiisikia unatamani angekutukana tu yaishe.

Nilimtaka huyo awe mwalimu wangu. Si fundi mwingine yeyote, huyo.

Sababu ninayo. Nilivushwa ziwa hili nikiwa mgongoni mwa mama, katika vile vita vya kwanza. Boti ilikuwa ya kuazima, imejaa watu, na katikati ya maji pamba ikatoka kwenye mwanya mmoja. Baba alivua shati, akalichana, akalisukumia humo kwa vidole, akaketi juu yake mpaka ng'ambo. Alishuka Kigoma kifua wazi mbele ya watu asiowajua. Nyumbani kwetu hicho kilikuwa kichekesho cha familia. Mgeni akija, baba mwenyewe alikisimulia, akionyesha jinsi alivyosalimia wenyeji huku akijificha nyuma ya mama. Tulicheka kila mara. Baba alipofariki ndipo nilipoacha kucheka, kwa sababu nilianza kuwafikiria watu wa boti nyingine, zile ambazo shati halikutosha.

Tuliporudi Baraka, mimi na mama, nilikuwa msichana mkubwa mwenye cheti cha shule ya Tanzania na Kiswahili cha Tanzania. Nyumbani Kigoma tulisema Kibembe, shuleni tulisema Kiswahili cha vitabuni, na Kiswahili cha hapa hakikuwahi kunipitia mdomoni. Hapa watu wananisikia nikifungua kinywa tu wanageuka. Sokoni wananiuliza kama nimekuja kusoma habari.

Siku ya kwanza nilimwendea Papa Nyota kwa adabu zangu zote. Alikuwa amepiga magoti kando ya boti iliyolazwa ubavu. Nikapiga goti kidogo, nikasema, "Shikamoo, mzee."

Akanitazama, akatazama viganja vyake.

"Nishike nini tena? Mikono yangu iko na mafuta."

Ufuo mzima ulicheka. Wavuvi waliokuwa wakichambua ndakala, dagaa wa hapa, waliweka beseni chini ili wacheke vizuri. Kuanzia saa ile jina langu la Sifa likafa, nikawa Shikamoo. Watoto wa hapa wanaliita kwa mbali, "Shikamoo-o-o!", na mimi ninaitika, nitafanyaje?

Nilimwambia nataka anifundishe. Akasema, "Bon." Halafu akaendelea na kazi yake. Nilikaa juu ya mchanga hadi alipofunga vyombo. Kesho yake nikarudi, na keshokutwa. Sikuongea. Nilikuwa nasokota vipande vya pamba alivyovitupa, ninaviacha karibu naye, na yeye anavisukuma pembeni kwa mguu bila kuvitazama. Mama aliniuliza kama nimepoteza haya. Nilimjibu kwamba haya ninayo, ila nimeiacha nyumbani isilowe.

Siku moja hakuvisukuma pembeni. Alikiokota kimoja, akakivuta, akakinusa, akakiloweka. Watu walikuwepo wengi siku hiyo, boti mbili zilikuwa zinavutwa nchi kavu. Akageuka kwangu, akasema kwa sauti yake ya kanisani:

"Bon. Kesho kuya. Utatumika kwangu, mi nitaangalia kama unaweza."

Utatumika kwangu.

Nyinyi wa Kigoma mmeshasikia nilichosikia mimi. Mimi, msichana asiye na baba, mbele ya wanaume wote wale, ninaambiwa na mzee mwenye mke kwamba nije nitumike kwake, naye ataangalia kama naweza. Damu ilinipanda hadi machoni. Nikasimama. Nikapaza sauti, na sauti yangu nyie mnaijua.

"Mzee, mimi si ndoo! Situmiki na mtu! Kama ulidhani nimekuja hapa kutafuta mwanaume, umekosea! Na ukiwa shemasi huoni aibu!"

Nikaondoka na mchanga wangu miguuni. Nyuma yangu hakuna aliyecheka safari hii.

Mama alikuwa anatwanga sombe. Nilimsimulia neno kwa neno. Alisikiliza na mchi ukiwa hewani. Nilipofika kwenye neno lenyewe, mchi ulimtoka mkononi, akakaa chini kwenye majani ya muhogo, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nikadhani amepatwa na jambo.

"Kutumika ni kufanya kazi, we mutoto!" alisema alipopata pumzi. "Hapa njo tunasema vile. Baba yako alitumika ku ziwa maisha yake yote. Mi nilitumika ku misioni. Bantu bote banatumika, watu wote!"

Halafu kicheko kikamkauka, kwa sababu alikumbuka nilichojibu, na mbele ya nani.

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Mtu amenipa kitu nilichokuwa nikikiomba kwa kukaa mchangani siku baada ya siku, na mimi nimemvua nguo mbele ya mji. Neno ni lilelile, herufi ni zilezile. Kwake lilikuwa zawadi.

Na Baraka si mji wa kuweka siri. Kabla ya Jumapili wazee wa kanisa walikuwa wamemwita. Walimuuliza anamtakia nini binti wa watu. Alieleza, lakini wapo waliosema hakuna moshi bila mtu kuwasha jiko, basi akaambiwa apumzike kugawa meza ya Bwana mpaka jambo lieleweke. Papa Nyota, aliyegawa mkate ule tangu akiwa kijana, alikaa benchi la nyuma kama mgeni. Niliyajua hayo kutoka kwa mkewe mwenyewe.

Nilikwenda kwa Mama Nyota kwanza kwa sababu niliogopa kwenda kwa mumewe. Hilo nalikiri. Nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayekutazama kama anakupima nguo. Nilianza kulia, nikaeleza, nikaomba msamaha, nikamsihi amfikishie mumewe. Aliniacha nimalize. Akaweka ungo chini.

"Ulisema ku ziwa, mbele ya bantu. Basi, enda useme kweli kule kule, mbele ya bantu bale bale. Haiko hapa mu jikoni yangu."

"Mama, watanicheka."

"Eeh, batakucheka. Yeye banamucheka tangu siku ile. Atakuwa na mwenzake."

Nikafuta machozi. Aliponisindikiza mlangoni alinishika mkono na kuufinya, na ndipo nilipoona kwamba mdomo wake ulikuwa unazuia kicheko kwa shida kubwa.

Nilichagua wakati ambao ufuo umejaa, boti za lampara, zinazovua usiku kwa taa, zimerudi na wanawake wamekuja kununua. Papa Nyota alikuwa amepiga magoti kando ya boti, kofia yake kichwani. Hakugeuka. Nilisimama mahali palepale. Nilishaamua, na mimi nikishaamua jambo hata mama hanitoi.

Nilisema kwa Kiswahili chao, kibaya nilivyojua, nikipaza sauti kuliko siku ile.

"Papa Nyota! Mi nimekuya kutumika!"

Beseni zilisimama. Mtu mmoja alipiga mluzi.

"Sikujua ile neno," nikaendelea. "Kwetu kule iko na maana ingine, mubaya. Huyu mzee aliniambia nikuye kufanya kazi, na mi nikaharibu jina yake. Yeye hakukosa kitu. Nilikosa miye. Bale bote walikuwa hapa siku ile, banisikie leo."

Nilikosea *bale* na *walikuwa*, nilichanganya kila kitu, na wanawake wa ndakala walicheka mpaka wakashikana mabega. Hakikuwa kicheko kibaya. Mmoja alipaza sauti, "Atumike! Atumike!" na wengine wakapokea kama kwaya. Papa Nyota aliendelea kupiga patasi, to, to, to. Halafu akasema, bila kugeuza kichwa:

"Bon. Nimesikia. Shikamoo."

"Naam, mzee."

"Shika."

Akanirushia fungu la pamba.

Jumapili iliyofuata alirudi mbele, na mkate nikaupokea kutoka mkononi mwake. Hakunitazama. Lakini kipande changu kilikuwa kikubwa, au basi mimi ndivyo nilivyotaka kuona.

Msidhani baada ya hapo mambo yalikuwa laini. Kusamehewa ni jambo moja, kufundishwa ni jingine. Alinipa kusokota pamba tu. Nikisokota, anaivuta, ikikatika anaiacha idondoke mchangani, na pamba ikishaingia mchanga imeharibika. Nasokota tena. Nilipoanza kupewa patasi, alikuwa akija nyuma yangu na ndoano yake ndogo, anachomoa kazi yangu yote kutoka kwenye mwanya, ndefu kama utumbo wa kuku, ananikabidhi mkononi. Hasemi kosa liko wapi. Mara moja tu alinishika kiganja, akakibandika kwenye ubao karibu na patasi.

"Sikia na mukono. Masikio inadanganya."

Nilipiga, nikasikia kwa mkono. Kuna mahali ubao unatetemeka, na kuna mahali unanyamaza. Ukinyamaza, simama. Nilikuja kuelewa hilo polepole sana, mikono ikiwa imevimba, huku watu wanazidi kushuka kutoka milimani na boti zinazidi kuletwa. Vidole vyangu vimekuwa vigumu. Kuna kijana aliyekuwa akinisalimia kwa sauti nyororo, siku hizi ananisalimia kwa mbali.

Papa Nyota ana sheria moja isiyovunjwa. Boti ikishushwa majini mara ya kwanza baada ya kuzibwa, aliyeziba ndiye anayepanda wa kwanza, miguu mitupu, unyayo juu ya mwanya wake. Inazungushwa ghubani mpaka mbao zimekunywa maji na kuvimba. Kama kuna kosa, unyayo wake ndio utakaolijua mapema. Mara zote amekuwa akipanda mwenyewe.

Juma hili tulikuwa na boti kubwa, ya kuvusha watu hadi Kigoma. Juzi alitembea kandokando yake, akasimama kwenye mwanya mmoja mrefu wa nyuma, karibu na mahali pa injini, pale ambapo boti inatikisika kuliko popote. Akaugonga kwa kidole.

"Hii iko yako."

Akaenda kunywa chai.

Niliuziba. Nilichukua siku nzima na nusu ya pili. Nilimaliza jana mchana, nikamngoja aje na ndoano. Alikuja nayo. Alipitisha kidole gumba mwanzo hadi mwisho, akarudi tena mwanzo. Ndoano aliirudisha mfukoni.

Sasa leo.

Asubuhi, baada ya mvua, watu walikuwa wameshajaa ufuoni na mizigo yao. Usiku kulikuwa na milio ya upande wa juu, karibu kuliko tulivyozoea, na kila mtu alitaka kuondoka leo, si kesho. Mwenye boti alifika. Ni mtu wa maneno mengi na saa kubwa mkononi. Alikagua mbele, akakagua katikati, alipofika nyuma akainama.

"Huku kumezibwa na nani? Haiko mukono yako, Papa Nyota."

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. Upumbavu.

Alinitazama, akamtazama, akaanza kucheka kicheko kisicho na furaha.

"Ule wa kelele? Ule alikusema ku bantu? Aah, hapana. Toa hii pamba, uzibe weye mwenyewe. Mwanamuke haweke mukono mu boti yangu. Kesho maji ikiingia, atasema nini juu yangu miye?"

Watu walisogea. Nilisikia mwanamke mmoja akiuliza kama ni kweli boti imezibwa na mtoto yule. Wengine walianza kuinua mizigo yao, hawajui waipeleke wapi. Nilijua hesabu ni rahisi: Papa Nyota akiuchomoa mwanya wangu, leo boti haiondoki, na watu hawa watalala mchangani wakisikiliza milima. Akikataa, anampoteza mteja, na midomo iliyonyamaza kanisani itapata cha kusema tena. Ningekuwa yeye ningechukua ndoano. Nilikuwa tayari kuichukua mimi mwenyewe, niokoe jina lake kwa mara ya pili. Nilishasogea hatua.

Akanizuia kwa kiganja. Alinawa mikono yake kwa mchanga, taratibu, kisha kwa maji. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona bila kofia, ana upara unaong'aa. Akasema kwa ile sauti ya kanisani, ufuo mzima usikie:

"Huku kumezibwa na Sifa. Sifa anatumika na mimi. Ku kazi yangu, mwenye kuziba njo anapanda wa kwanza. Kama Sifa hapande, boti haishuke. Bon."

Anatumika na mimi.

Nyie wa Kigoma, isomeni tena. Sentensi hiyo, kwa masikio niliyokuja nayo, ni mbaya kuliko ile ya kwanza mara kumi. Ningeisikia zamani ningetafuta jiwe. Leo nilisimama pale, mafuta hadi kwenye viwiko, nikaisikia jinsi inavyosemwa hapa. Hakusema *kwangu*, alisema *na mimi*. Na aliita jina langu, ambalo sikujua kama analijua.

Nikavua kandambili ili nipate cha kufanya.

Mwenye boti alisonya, lakini watu walikuwa wengi na saa yake ilikuwa inakwenda. Vijana wakasukuma. Nikapanda peke yangu na mwendeshaji, mbao za sakafu zimefunuliwa, nikaweka unyayo juu ya mwanya wangu. Papa Nyota alibaki ufuoni na kofia mkononi.

Tulielekea upande wa rasi ya Ubwari, tukaanza kuzunguka. Injini iliponguruma mtetemo uliingia mguuni hadi gotini. Nikahisi ubaridi. Kisha nikahisi unyevu. Nitawaambia ukweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi. Niliangalia chini na kuona weusi unasambaa kwenye ubao kama jasho mgongoni, na nikafikiria shati la baba. Blauzi yangu ningeivua, wallahi ningeivua, hata kama Baraka yote ingekuwa inatazama. Mkono ulikuwa umeshashika kifungo.

Halafu nikakumbuka kwamba mbao hunywa. Nikauondoa mkono kwenye kifungo, nikauweka chini, juu ya ubao. Nikasikia kwa mkono. Ulikuwa unatetemeka na injini, kidogo kidogo, na weusi ule ulifika mahali ukasimama. Mwendeshaji alizungusha tena. Ulikuwa bado umesimama. Akaongeza kasi, mawimbi yakatupiga ubavuni. Nilipitisha kidole kama Papa Nyota, mwanzo hadi mwisho, na kidole kikarudi na mawese tu.

Nikashuka nchi kavu. Mwenye boti alipanda, akainama, akaweka kidole chake mwenyewe, akakinusa.

"Bapakie," akasema, akatazama saa yake.

Nilisaidia kupakia, sikuweza kukaa. Kulikuwa na mwanamke mmoja kutoka upande wa Kilembwe, ana cherehani imefungwa ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, na binti yake wa shule amevaa shati jeupe lenye matope ya safari nzima. Nikawakalisha nyuma. Sikuwachagulia mahali, ilitokea tu kwamba nafasi iliyobaki ilikuwa pale, juu ya mwanya wangu. Nikamuuliza kama ana ndugu Kigoma.

"Sina muntu," akasema. "Nikifika, nitaanza kuuliza kwa bantu, nani anataka nitumike kwake."

Nikaketi kando yake hapohapo.

"Mama, sikiliza. Ukifika kule, hiyo neno usiiseme. Kule kutumika iko neno ya haya. Sema natafuta kazi. Kazi tu."

Alinitazama, akataka kujua haya ya namna gani, nikamnong'oneza sikioni. Akaziba mdomo kwa kitenge. Mabega yake yalianza kutikisika, akacheka, mwanamke aliyeshuka mlima akiwa na cherehani kichwani na milio ya bunduki mgongoni, akacheka mpaka binti yake akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Kazi," alirudia. "Natafuta kazi."

"Vizuri. Na wewe," nikamwambia binti, "ukikutana na mkubwa, sema shikamoo. Yeye atajibu marahaba. Usicheke."

"Shika-nini?" akauliza.

Mtu alikohoa kando ya boti. Papa Nyota alikuwa amesimama karibu, maji magotini, anatazama pembeni.

Waliondoka jua likiwa bado juu. Nilisimama mpaka boti ikawa doa, kisha mpaka doa likaisha. Sijui watalala wapi. Sijui kama vita vitawaacha warudi, kama vilivyoniacha mimi na mama, au kama binti yule atakua akisema Kiswahili ambacho mama yake hakijui. Ninachoomba ni kidogo. Ninaomba washuke Kigoma na mashati yao.

Papa Nyota alikuwa anakusanya vyombo. Nilitaka kumshukuru, nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya vitabuni. Alinikatiza kabla sijaanza.

"Jumatatu, mapema. Na pamba yako ungali unasokota mubaya."

"Ndiyo, mzee."

"Kesho, kanisani, Mama Nyota amesema utakaa na yeye, benchi ya mbele. Mi sikusema kitu. Ni yeye."

Akavaa kofia yake na kuondoka, akiimba wimbo wa tenzi kwa sauti isiyofuata noti yoyote.

Je, ndiyo nimempata mwalimu? Au hili lilikuwa jaribio tu na Jumatatu ndoano inarudi? Nadhani ndoano inarudi. Na irudi. Kuna boti nyingine imelazwa ubavu, kubwa kuliko hii, na mwanya wake wa nyuma nimeshautazama.

Chaji inaniishia. Mama ameniuliza sasa hivi, kutoka jikoni, kama Jumatatu naweza kwenda naye shamba. Majirani wako nje wote, wanakula ugali wao. Nimemjibu kwa sauti ile ile mnayoijua, isikike mpaka barabarani:

"Hapana, mama! Jumatatu niko naenda kutumika!"